Nguza Karl-i-Bond: aliukana utawala wa Zaire, kisha akarudi kuutumikia

Mwezi wa Septemba 1981, mwanaume wa miaka 43 aliketi mbele ya wabunge wa Marekani, mjini Washington, katika kamati yao inayofuatilia mambo ya Afrika. Hakuwa mwanafunzi aliyekimbia inchi wala mwasi kutoka porini. Miezi mitano tu mbele ya hapo alikuwa Komiseri wa kwanza wa serikali ya Zaire, cheo ambacho leo tunakiita waziri mkuu. Aliwaeleza wabunge wale jinsi Raisi Mobutu alivyochukua fedha za kigeni katika Benki ya Zaire kama mtu anayechukua katika mfuko wake mwenyewe, na jinsi shaba na mali nyingine ya inchi ilivyouzwa bila hesabu kuingia katika hazina. Aliwaomba waache kumsaidia.

Mtu huyo ni Nguza Karl-i-Bond. Katika Lubumbashi na Kolwezi jina lake bado linagawanya watu mezani, wengine wakimkumbuka kwa heshima na wengine wakikataa hata kulisikia. Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Uvira wanalijua kidogo au hawalijui kabisa, lakini mambo aliyoyapitia wanayajua vizuri: inchi yenye madini mengi, mshahara usiofika mwisho wa mwezi, na wakubwa wanaosema ukweli wakiwa nje ya meza tu.

Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1938 Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika Katanga ya kusini-magharibi. Moïse Tshombe, aliyetangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, alikuwa mjomba wake. Undugu huo ulimfuata maisha yake yote, mara kama ngazi, mara kama kamba shingoni. Alisoma Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, katika uhusiano wa kimataifa, wakati ambapo Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wachache sana. Kwa kijana wa namna hiyo milango ilikuwa wazi.

Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Tshombe alihukumiwa kifo bila kuwapo, akatekwa ndani ya ndege mwaka wa 1967, akafia kizuizini Algeria mwaka wa 1969. Mpwa wake wakati huo alikuwa akipanda vyeo katika ubalozi na katika wizara. Mtu anaweza kumlaumu kwa hilo, lakini wasomi wengi wa kizazi chake waliona njia ni hiyo tu: miaka mitano ya vita na kujitenga ilikuwa imewachosha watu, na Mobutu wa mwanzo alileta utulivu. Mwaka wa 1967 pesa mpya ilitoka, na zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwalimu alinunua baiskeli kwa mshahara wake. Wazee wanaposema zamani palikuwa pazuri, mara nyingi ni miaka hiyo wanaikumbuka.

Mwaka wa 1972, wakati wa kurudia majina ya asili, Jean aliachwa akabaki Nguza Karl-i-Bond, na mwaka uleule akawa waziri wa mambo ya inchi za nje. Alikuwa msemaji mzuri, mwenye kujua mambo ya Umoja wa Mataifa, na sura yake iliwapendeza wageni. Alirudi katika wizara hiyohiyo mwaka wa 1976, baada ya kupitia uongozi wa chama cha MPR.

Katikati ya vipindi hivyo viwili, nyumba ilianza kupasuka. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na viwanda vidogo vya wageni vitapewa Wazaire. Kwa maneno ilikuwa haki. Kwa vitendo, waliopewa walikuwa wakubwa wa chama, maofisa, ndugu na marafiki zao. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwa ndani, wakala pesa, wakafunga mlango. Katika miji mingi duka lililokuwa na chumvi, sabuni na vitambaa likabaki na rafu tupu. Na mara moja, kuanzia katikati ya 1974, bei ya shaba katika soko la dunia ikaanguka, ikafika chini ya nusu ndani ya mwaka mmoja hivi. Serikali ilikuwa imekopa kama vile bei ile ingedumu milele, ikijenga kwa deni miradi mikubwa kama laini ya umeme ya kutoka Inga mpaka Shaba, kilomita karibu 1,700.

Hapo ndipo maisha yalipobadilika kwa mtu wa kawaida. Bei zikapanda, mshahara ukabaki palepale. Karani akaanza kuomba kitu kwa kila karatasi, muuguzi kwa kila sindano, askari kwa kila kizuizi barabarani. Watu wa Kinshasa waliita hiyo madesu ya bana, maharagi ya watoto, na huku kwetu iliitwa matabishi. Kifungu cha 15, ile sheria ya mzaha inayomwambia kila mtu ajitafutie, ikawa ndiyo katiba iliyofuatwa zaidi. Mobutu mwenyewe, katika hotuba ya Novemba 1977, alikiri hadharani kwamba katika Zaire kila kitu kinauzwa na kununuliwa. Aliuita ugonjwa wa Zaire, kama daktari anayepita tu hospitalini.

Siku ya hotuba hiyo Nguza hakuwa ukumbini. Alikuwa gerezani.

Tarehe 8 Machi 1977, wapiganaji wa FNLC, wengi wao wakiwa askari wa zamani wa Katanga, waliingia Shaba kutoka Angola. Wengi walikuwa Walunda. Waziri wa mambo ya inchi za nje alikuwa Mlunda, mpwa wa Tshombe, na magazeti ya nje yalikuwa yameanza kumtaja kama mtu anayeweza kushika nafasi ya Mobutu. Mambo hayo matatu yalitosha. Alikamatwa mwezi wa Agosti, akashitakiwa kwamba alijua mpango wa uvamizi na kunyamaza, na Septemba alihukumiwa kifo. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Baadaye alieleza hadharani mateso aliyoyapata mikononi mwa walinzi, pamoja na kupigwa umeme katika sehemu za siri.

Akiwa ndani, vita ya pili ya Shaba ilifika Kolwezi, Mei 1978, na mamia ya watu wakauawa. Miezi miwili baadaye Mobutu alimwachilia. Machi 1979 akamrudishia wizara ileile ya mambo ya inchi za nje, na Agosti 1980 akampandisha kuwa Komiseri wa kwanza. Kuna wanaosema Nguza alipaswa kukataa. Lakini ni nani alitoka katika gereza lile akiwa na nguvu ya kukataa? Mobutu alijua kazi yake: mtu uliyemhukumu kifo na kumsamehe anakutumikia akiwa na hofu, na wengine wote wanatazama.

Kutoka katika kiti hicho Nguza aliona hesabu kwa macho yake. Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani aliyewekwa ndani ya Benki ya Zaire mwaka wa 1978 ili kuzuia wizi, alikuwa ameshaondoka, ameshindwa. Ripoti yake ya 1982 iliwaambia wakopeshaji kwamba wasitegemee kurudishiwa pesa maadamu mfumo ni huo. Desemba 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina thamani tena, na watu wakapewa siku chache tu kuzibadilisha, tena kwa kiasi kidogo. Wenye njia za kupita walipita. Mkulima wa kijijini, aliyeweka pesa ya kahawa au ya ng'ombe ndani ya debe kwa sababu benki iko mbali, aliamka siku moja akiwa na karatasi za kuwashia moto. Familia nyingi za mashariki hazijasahau hadithi hiyo, na labda ndiyo sababu mpaka leo mama wa soko anaamini zaidi dola iliyofichwa kuliko kitabu cha benki.

Novemba 1980, wabunge 13, kati yao Étienne Tshisekedi, waliandika barua ndefu kwa Mobutu wakieleza ubaya wa utawala wake. Walikamatwa, wakafukuzwa bungeni, wakapelekwa kuishi mbali na mji. Mkuu wa serikali wakati huo alikuwa Nguza. Hilo halitajwi sana na wale wanaomsifu kwa ushahidi wa Washington, lakini linapaswa kuwekwa kando yake, kwa sababu kati ya mambo hayo mawili ilipita miezi michache tu.

Aprili 1981, akiwa katika safari Ubelgiji, alijiuzulu na kubaki hukohuko. Ushahidi wa Septemba ulifuata. Mwaka wa 1982 akatoa kitabu chake kwa Kifaransa, Mobutu ou l'incarnation du mal zaïrois, ambacho kichwa chake kilirudisha ugonjwa wa Zaire kwa mwenyewe: ugonjwa una mwili, na mwili huo ni raisi. Kitabu kilikatazwa katika inchi, lakini kilisomwa kwa siri. Huko Brussels aliunganisha vikundi vya wapinzani katika muungano mmoja na kuuongoza. Kwa mara ya kwanza watu walimsikia mtu wa ndani kabisa, si mwasi, akisema kwa majina na hesabu kile ambacho kila mmoja alikihisi tumboni mwake.

Katika inchi, mambo yaliendelea kuwa magumu. Septemba 1983 zaire ilishushwa thamani kwa zaidi ya robo tatu kwa siku moja, kwa matakwa ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Aliyekuwa akila mara mbili kwa siku akaanza kula mara moja. Upinzani wa nje uligawanyika, kila mmoja na chama chake na ofisi yake. Mobutu alitangaza msamaha mwaka wa 1983, akaacha mlango wazi, akangoja.

Juni 1985 Nguza alirudi Kinshasa. Mwaka wa 1986 Mobutu alimtuma kuwa balozi. Wapi? Washington. Mtu aliyewaomba Wamarekani wakate msaada alirudi katika mji uleule kuwaomba waongeze. Mwaka wa 1988 akawa tena waziri wa mambo ya inchi za nje, mara yake ya nne.

Sababu zake zimejadiliwa sana: uchovu wa uhamishoni, pesa, kiu ya kurudi nyumbani, imani kwamba mtu anaweza kubadilisha mambo akiwa ndani. Yeye hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kufanya safari hiyo. Lakini hasara ya kurudi kwake ilikuwa kubwa kuliko jina lake. Kitabu chake kilikuwa kimewafundisha watu kwamba wizi una mwenyewe na unaweza kuhesabiwa. Kurudi kwake kuliwafundisha kwamba anayehesabu wizi anaweza kuwa anapanga bei yake. Kuanzia hapo, kila mpinzani aliyepaza sauti aliulizwa na wakaaji swali lilelile: anataka cheo gani?

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu, akilia, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Nguza aliunda chama chake, UFERI, chenye mizizi Katanga na chenye wazo la majimbo yanayojitawala. Julai 1991 aliungana na UDPS ya Tshisekedi na wengine katika Union sacrée, jina ambalo wasomaji wa leo wanalijua kwa maana nyingine. Tarehe 23 Septemba 1991 askari wasiolipwa walianza kupora Kinshasa, raia wakawafuata, na moto ukaenda katika miji mingine, Kolwezi na Lubumbashi zikiwemo. Viwanda na maduka yaliyovunjwa siku zile, mengi hayakufunguliwa tena.

Tarehe 25 Novemba 1991 Mobutu alimpa Nguza uwaziri mkuu, na Nguza akaukubali bila wenzake. Union sacrée ilimfukuza. Tarehe 19 Januari 1992 alifunga Mkutano Mkuu wa Taifa, ambapo wajumbe kutoka kila jimbo walikuwa wakichambua miaka 30 ya uongozi, akisema unakula pesa nyingi na kwamba Wakasai wamejaa ndani. Tarehe 16 Februari, siku ya Mungu, Wakristo wa Kinshasa walitoka makanisani wakiwa na biblia, rozari na matawi, wakidai mkutano ufunguliwe. Askari waliwapiga risasi. Mkutano ulifunguliwa Aprili, na Agosti ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza.

Yaliyofuata Katanga ni sehemu nzito zaidi ya maisha yake. Gavana wa jimbo alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mwenzake wa UFERI. Kushindwa kwa Nguza katika mkutano kulielezwa mikutanoni kama kushindwa kwa Wakatanga wote mbele ya Wakasai. Wakasai waliitwa bilulu, wadudu. Vijana wa chama walizunguka mitaa ya Likasi, kisha Kolwezi, wakivunja nyumba na kuwatoa watu. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa palepale, wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière tangu miaka ya 1920. Hawakujua kijiji kingine. Familia zililala kwa miezi kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi zikingoja treni ya kwenda Kasai, watoto wakifa kwa kuhara na surua. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka.

Nguza, aliyeandika kwamba ugonjwa wa inchi una mwili mmoja, sasa alikuwa mkuu wa chama kilichoonyesha kidole kwa fundi wa mgodi na mke wake muuza samaki. Alipoacha kuiamini Zaire, alijifunga ndani ya jimbo, na ndani ya jimbo akamtafuta wa kumlaumu. Wakasai hawakuwa wameshusha zaire. Hawakuwa wamekausha Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 na ikaanguka chini ya tani 50,000 mwaka wa 1993. Kinyume chake, kampuni ilipoteza mafundi wake wengi walipopanda treni zile, na waliobaki hawakupata mshahara mkubwa zaidi.

Bei hazikuuliza kabila la mtu. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5. Tshisekedi aliikataza, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa noti hiyo wakapora tena Kinshasa, Januari 1993. Bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Bunga la bukari lilipimwa kwa kikombe badala ya kilo. Walimu waliacha kulipwa na serikali, na wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe, mzigo uliobaki mabegani mwa familia kwa zaidi ya miaka 25. Oktoba 1993 pesa ilibadilishwa: zaire milioni 3 za zamani kwa zaire mpya 1. Ile pesa ya 1967, iliyokuwa na thamani ya dola 2, ilikwisha hivyo.

Mwaka huohuo Nguza alikuwa ameingia tena serikalini, katika baraza la Faustin Birindwa lililoundwa na upande wa Mobutu, akiwa naibu waziri mkuu na mwenye kusimamia ulinzi. Jeshi aliloliongoza kwa karatasi ndilo lilelile lililokuwa limemtesa. Ilikuwa kazi yake kubwa ya mwisho. AFDL ilipoingia Kinshasa, Mei 1997, hakuna aliyemtafuta kumpa cheo, na hakuna aliyeonekana kumwogopa.

Alikufa tarehe 27 Julai 2003, akibakiza siku 8 kutimiza miaka 65. Siku 10 mbele ya hapo, Kinshasa, makamu wanne wa raisi walikuwa wameapishwa kuanza kipindi cha mpito, wawili kati yao wakiongoza makundi yaliyokuwa yakipigana na serikali mwaka mmoja tu nyuma. Katika Likasi na Kolwezi, familia za Wakasai zilizokuwa zimeanza kurudi zilikuta nyumba zao zina wenyewe wengine, na mgodi hauandiki wafanyakazi.